Kuganda, Kuzimika na Giza: Kitenzi kama Kitambuzi cha Hitilafu

Katika mtaa wa Milimani, Nakuru, mwanafunzi anayeandika tasnifu huunganisha skrini mpya. Tarakilishi ikigoma, humwambia fundi kuwa "imekufa". Kitenzi hicho huficha chanzo. Tarakilishi ikiganda, picha ikabaki ilivyo, aghalabu programu inayoendesha picha ndiyo yenye kasoro, isasishwe. Ikizimika ghafla, huenda joto limezidi au umeme hautoshi. Feni na sehemu inayogawa umeme zichunguzwe. Skrini ikiwa giza ilhali mashine inavuma, waya ukaguliwe. Kisha skrini ya zamani irejeshwe: hitilafu ikiendelea, mpya pekee haiwezi kulaumiwa. Hivyo basi, usahihi wa kitenzi hurahisisha matengenezo. Nakala ya tasnifu nayo ihifadhiwe kwingine mapema.