Gahanna hadi Buffalo: Hesabu Masaa Kabla ya Kukata Tiketi

Wengi wetu tuna ndugu Louisville, Columbus na Buffalo. Ikitokea harusi au msiba, swali ni lilelile: twende kwa ndege au kwa gari? Leo tupige hesabu hiyo, maana pesa inayopotelea njiani ndiyo ile uliyotaka kutuma nyumbani.

1. Umbali wa angani sio safari yako

Kutoka uwanja wa Columbus, ambao na Gahanna ni pua na mdomo, hadi Buffalo ni kama maili 296 angani (kilomita 476). Kutoka Louisville hadi Columbus ni kama maili 198. Columbus iko karibu kabisa kwenye mstari ulionyooka kati ya Louisville na Buffalo.

Ndege ya moja kwa moja Columbus hadi Buffalo ingechukua kama saa moja hewani. Lakini tiketi ikikupitisha Atlanta, unashuka kwanza kusini maili 447, halafu unapanda kaskazini maili 712. Jumla maili 1,159, karibu mara nne!

2. Hesabu mlango kwa mlango

Kwa ndege kupitia Atlanta: kufika uwanjani na kusubiri, masaa 2 na robo, kuruka hadi Atlanta, saa 1 na nusu, kusubiri tena, saa 1 na nusu, kuruka hadi Buffalo, masaa 2, kutoka uwanjani hadi kwa ndugu, dakika 45. Jumla masaa 8.

Kwa gari: maili 330 hivi, I-71 hadi Cleveland, kisha I-90. Pamoja na kupumzika, masaa 6.

Angalizo: tiketi huandika saa za mahali. Chicago iko saa moja nyuma ya Columbus, kwa hiyo ukipitia huko usitoe saa za tiketi kienyeji.

3. Weka bei

Gari sio mafuta tu. Mwaka 2024, mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ilikadiria senti 67 kwa maili kwa safari za kikazi, ikihesabu mafuta, bima na kuchakaa kwa gari. Kwenda na kurudi maili 660 ni $442, bila ushuru wa barabara kule New York.

Tuseme unalipwa $18 kwa saa, masaa ya njiani yanakula shifti, na tiketi ni $260:

- Ndege: $260 + masaa 16 × $18 = $548
- Gari, peke yako: $442 + masaa 12 × $18 = $658
- Gari, watu wawili: $221 + $216 = $437 kila mmoja

Umeona? Peke yako, panda ndege. Mkiwa wawili au zaidi, changeni gari. Kama safari haigusi shifti, toa masaa kwenye hesabu, uangalie upya.

Lakini usiendeshe umetoka shifti ya usiku hujalala. Na majira ya baridi, theluji ya Ziwa Erie sio mchezo: Desemba 2022 dhoruba ilifunga barabara na hata uwanja wa ndege wa Buffalo.

Zoezi: chukua kalamu, weka mshahara wako na bei ya tiketi uliyoona. Kinachobaki, kitume nyumbani au kiweke akiba.