Kalamu ya Tete na Picha ya Mashamba

Mwezi wa Julai, mwaka 1888, Mholanzi Vincent van Gogh alipanda kilima cha Montmajour, karibu na Arles, Ufaransa, akachora mashamba ya uwanda wa Crau kwa kalamu ya tete na wino. Tukiitazama picha hiyo twaona ufundi wake: vilivyo karibu vimechorwa kwa mistari minene, na vya mbali kwa nukta ndogo, ndipo nchi huonekana pana pasipo rangi nyingi. Lakini wino mweusi wa picha zake nyingi umegeuka hudhurungi na kupauka, kwani mwanga huudhuru. Basi sisi tulio na hati za mashamba na madaftari ya shule, tusiyaache juani. Tuyatunze gizani, mahali pakavu, ili wajukuu wetu wapate kuyasoma.