MTUMISHI ALIYEANGUKA BAHARINI: SOMO JUU YA KUWAKUMBUKA WAZEE WETU

Masomo: Zaburi 107:23-32, 2 Samueli 24:10-17



Kila ukoo una mzee wake ambaye habari zake husimuliwa arusini na matangani. Mara nyingi habari hizo hutiwa chumvi: mema huongezwa, na mabaya hufichwa. Katika somo hili tumtazame mzee mmoja Mwingereza, John Howland. Watu wengi sana wa Marekani humhesabu kuwa babu yao, wakiwamo marais Franklin Roosevelt na George Bush, baba na mwana. Tujiulize, Mkristo amkumbukeje mzee wake?

1. Aliokolewa kwa rehema

Howland alitoka Fenstanton, Uingereza. Septemba 1620 alisafiri katika merikebu iitwayo Mayflower, naye alikuwa mtumishi wa John Carver. Abiria walikuwa 102. Baadhi yao walikuwa Wakristo waliojitenga na Kanisa la Uingereza. Kwa ajili hiyo walikuwa wametozwa faini na kufungwa, hata wakakimbilia Uholanzi mnamo 1608. Sisi Waanglikana tusipite hapa upesi. Waliowatesa walikuwa watu wa Kanisa letu.

Katikati ya bahari tufani ilivuma. Howland alipanda juu sitahani, merikebu ikalala upande, naye akatupwa majini. Lakini henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, ilikuwa imening'inia nje. Akaishika, wala hakuiachilia ingawa alizama chini ya maji. Wenzake wakamvuta kwa kamba ile ile mpaka usoni pa maji, kisha wakampandisha kwa kulabu. Aliugua kidogo, akapona.

Ndugu msomaji, hakuna cha kujisifia hapo. Kamba hakuitundika yeye, wala hakujivuta mwenyewe.

2. Alitenda mema, na alikosa pia

Walipofika walijenga Plymouth mahali palipokuwa Patuxet, kijiji cha Wawampanoag, ambacho watu wake walikuwa wamekufa kwa maradhi kati ya 1616 na 1619. Katika miezi ya kwanza karibu nusu ya wageni hao walikufa. Carver na mkewe walifariki mwaka 1621. Baadaye Howland alimwoa Elizabeth Tilley, msichana aliyefiwa na baba na mama katika majira yale ya baridi. Mungu akawajalia watoto kumi, na wote wakakua.

Mwaka 1634 Howland alikuwa msimamizi wa kituo cha biashara ya ngozi katika mto Kennebec. Mwingereza mwenzake, John Hocking, alikuja na chombo chake ili apite juu ya kituo na kufanya biashara huko. Howland alimsihi aondoke, akakataa. Ndipo Howland akawaamuru watu wake wakate kamba za nanga yake. Hocking aliposhika bunduki, Howland alimwita kwa sauti kwamba ampige yeye, kwa maana watu wake wanatii amri tu, na kama kuna kosa ni lake. Hocking hakusikia. Alimpiga risasi Moses Talbot, akafa. Na mwenzake Talbot akampiga Hocking, naye akafa.

Soma tena 2 Samueli 24. Daudi naye aliomba adhabu imwangukie yeye, si watu wake. Ni neno la mkubwa asiyejificha nyuma ya wadogo. Hata hivyo, katika habari zote mbili neno hilo jema lilikuja baada ya amri kutoka, na waliokufa hawakurudi. Basi aliyeokolewa kwa kamba alitoa amri ya kukata kamba, na watu wawili wakapoteza maisha yao kwa ajili ya ngozi.

Howland aliendelea kulitumikia kanisa lake na serikali ya mji. Alifariki Februari 1673, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

3. Kweli iliwekwa katika nyumba ya Askofu

Kwa muda mrefu wazao wake waliamini kwamba bibi yao alikuwa binti wa Carver, gavana wa kwanza. Ilikuwa fahari kwao. Lakini William Bradford, gavana aliyemfuata Carver, alikuwa ameandika kitabu kwa mkono wake juu ya mambo hayo, nacho kikapotea. Mwaka 1855 kikatambuliwa katika maktaba ya Askofu wa London, huko Fulham, na mwaka 1856 kikapigwa chapa. Humo wazao wakasoma kwamba bibi yao hakuwa binti wa gavana, bali yatima Elizabeth Tilley. Je, walipungukiwa? La. Walimpata bibi yao wa kweli. Na tuone pia: kitabu cha watu waliofukuzwa kilihifadhiwa na Kanisa lile lile walilolikimbia.

Biblia haikuficha makosa ya Daudi, naye ametajwa katika ukoo wa Bwana wetu. Basi nasi tunapowasimulia watoto habari za babu na bibi, tuseme walivyookolewa, tuseme na walivyokosa. Mtoto aliyeambiwa kwamba babu yake hakukosa kamwe, siku atakapokosa yeye atajificha. Aliyeambiwa kweli atajua pa kwenda kutubu.

Maswali ya mazungumzo

1. Ni mzee gani wa ukoo wako aliyeponea chupuchupu? Nani alimsaidia?
2. Je, umewahi kutoa amri ambayo wengine waliumia kwayo? Ulifanya nini?
3. Ni habari gani ya jamaa yako unayoona haya kuisimulia, na kwa nini?

Tuombe: Ee Mungu wa baba zetu, twakushukuru kwa rehema uliyowaonyesha waliotutangulia. Utusamehe sisi na wao, utupe ujasiri wa kusema kweli, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.