Nani Ana Akaunti Kwenye Seva Yako? Wajue Watumiaji kwa Amri Chache

Mfanyakazi akiacha kazi hurudisha funguo, kitambulisho na kompyuta ya ofisi. Akaunti yake kwenye seva mara nyingi hubaki. Haishikiki mkononi, basi hakuna anayeidai, na siku mtu mwingine akiipata nywila yake ataingia bila kuulizwa. Kwa anayesimamia TEHAMA shuleni, kwenye ushirika au kampuni ndogo, kuwahesabu watumiaji ni kazi ya kila mwezi. Kwenye Linux kazi hiyo hufanyika kwa amri fupi zinazoandikwa kwenye terminali. Ukiacha zile za sehemu ya mwisho, amri zote zilizo hapa husoma tu, wala hazibadilishi kitu.

Anza na wewe mwenyewe

Andika whoami, utapata jina uliloingia nalo. Kisha andika id, na jibu litafanana na hili:

uid=1001(asha) gid=1001(asha) groups=1001(asha),27(sudo)

Zitazame namba hizo. Mfumo humtambua mtumiaji kwa namba. Jina limewekwa kwa ajili yetu sisi binadamu. Namba 0 ni ya root, msimamizi mkuu asiyezuiwa na ruhusa za kawaida za faili. Kwenye Debian na Ubuntu, akaunti za watu kwa kawaida huanzia 1000, na nyingi zilizo chini ya hapo ni za programu za mfumo. Akaunti yoyote yenye namba 0 ina nguvu zote za root, hata ikiitwa jina la upole kiasi gani. Ili kuhakikisha iko moja tu, andika:

awk -F: '$3 == 0' /etc/passwd

Ikitokea mistari miwili, acha mengine yote uchunguze huo wa pili kwanza.

Soma daftari la watumiaji

Amri getent passwd asha huleta mstari wenye sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta mbili:

asha:x:1001:1001:Asha wa Uhasibu:/home/asha:/bin/bash

Hizo ni jina, nafasi ya nywila, namba ya mtumiaji, namba ya kundi, maelezo, folda yake, na programu inayopokea amri zake akishaingia. Ile x inaonyesha kwamba nywila, ikiwa imefumbwa, inatunzwa kwenye /etc/shadow. Zamani ilikaa humu humu, katika faili ambalo kila mtumiaji anaweza kulisoma. Mstari ukiishia na nologin, akaunti hiyo haikukusudiwa mtu kuingia nayo.

Kwa nini usilifungue tu faili la /etc/passwd? Kwa sababu ofisi nyingi hutunza akaunti kwenye seva ya kati, kwa mfano kwa LDAP, na majina hayo hayamo kwenye faili. getent huuliza kila chanzo ambacho kompyuta imeelekezwa kukitumia. Baadhi ya vyanzo hivyo havitoi orodha nzima kwa mkupuo, hivyo taja jina unalolitafuta.

Walioingia sasa na walioingia jana

Amri who huonyesha walio ndani sasa hivi. w huongeza muda waliokaa bila kugusa kibodi na programu wanayoendesha. Kwa siku zilizopita tumia last asha. Mwisho wa majibu yake huandikwa tarehe ambayo kumbukumbu zinaanzia. Kumbukumbu za zamani huondolewa, hivyo usiseme “hakuwahi kuingia” kwa siku zilizotangulia tarehe hiyo.

sudo lastb (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya root) huorodhesha majaribio yaliyoshindwa. Seva iliyo wazi kwenye intaneti itaonyesha mengi kwa majina kama root, admin na test: ni roboti zinabahatisha. Shtuka pale anwani iliyoshindwa mara nyingi inapoonekana pia kwenye last, yaani imefaulu. Kwenye Debian 13 amri hizi za zamani zimeachwa. Wtmpdb imeshika nafasi ya last, na lslogins --failed nafasi ya lastb.

Nani ana mamlaka

getent group sudo hutaja walio kwenye kundi la wasimamizi kwa Debian na Ubuntu. Kwa Fedora kundi hilo huitwa wheel. sudo -l -U asha hueleza Asha anaruhusiwa kufanya nini hasa, na sudo chage -l asha huonyesha lini alibadilisha nywila na lini akaunti itakwisha muda.

Taarifa hizi zitunze kwa siri. Mwaka 1971 Les Earnest, wa Stanford, alitunga programu ya finger ili wenzake wajue nani yupo na nani hayupo. Baadaye iliwezekana kuuliza hivyo hata kutoka kompyuta ya mbali. Mnamo Novemba 1988, mnyoo wa Morris, programu inayojisambaza yenyewe, ulienea kwenye intaneti ukitumia, pamoja na njia nyingine, kasoro ya programu iliyokuwa ikijibu maswali ya finger. Leo seva hazina haja ya kuwajibu wageni maswali ya namna hiyo. Nawe usirushe picha ya majibu ya amri hizi kwenye kundi la WhatsApp.

Ukigundua akaunti ya aliyeondoka

Usikimbilie kuifuta. Tena usitegemee sudo usermod -L peke yake: hufunga nywila tu, na mwenye ufunguo wa SSH bado anaweza kuingia. Andika:

sudo usermod -L -e 1 asha

Hiyo -e 1 huihesabu akaunti kuwa imekwisha muda tangu mwaka 1970, na ufunguo haumsaidii tena. Kisha andika w uone kama bado yumo ndani, maana aliyekwisha kuingia hatolewi na amri hiyo.

Sababu ya kutofuta haraka ni zile namba. userdel humwondoa mtumiaji, lakini faili zake zilizotapakaa kwenye seva hubaki zimeandikwa 1001. Mfanyakazi mpya akipewa namba hiyo atazirithi zote, zikiwemo za mishahara. Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti mpya, andika sudo find / -nouser, na kila faili litakalotajwa ulikabidhi kwa mwenyewe.