Mfumo Unaposumbua Saa ya Msongamano

Kijitabu hiki ni cha mafundi wanaosimamia mifumo ya ada, leseni na ushuru. Mifumo hiyo hutulia mwezi mzima, kisha siku ya mwisho ya kulipa huanza kusumbua. Mzazi mmoja analipa vizuri, anayemfuata anaambiwa muunganisho umeshindikana, wa tatu anapita. Simu za malalamiko zikizidi, seva huzimwa na kuwashwa. Hali hutulia kwa dakika chache, kisha tatizo linarudi palepale, na ushahidi umeshafutika.

Usizime seva kabla hujaipima. Hitilafu inayokuja na kuondoka wakati mzigo ni mkubwa mara nyingi husababishwa na kitu chenye kikomo ambacho kimejaa, nacho hukioni kikijaa ila saa ileile ya tatizo.

Kinachosahaulika zaidi ni poti. Kila mfumo wa ada unapofungua muunganisho mpya kwenda mfumo wa benki, hutumia poti moja ya muda. Kwenye Linux, poti zilizotengwa kwa kazi hiyo kwa kawaida ni 32768 hadi 60999, jumla 28,232. Zinaonekana tele. Lakini upande uliotangulia kufunga muunganisho huendelea kuishikilia poti kwa sekunde 60, katika hali iitwayo TIME_WAIT. Ukigawanya, unabaki na takriban miunganisho mipya 470 kwa sekunde kwenda kwenye huduma moja. Mzigo ukipita hapo, programu huandika kosa EADDRNOTAVAIL, hata kama prosesa imepumzika na RAM ipo ya kutosha. Ndiyo maana wengi huishia kuulaumu mtandao bure.

Hesabu kwa amri hii wakati tatizo linaendelea:

ss -tan state time-wait | wc -l

Jibu likikaribia elfu ishirini na nane, na karibu mistari yote inaelekea anwani ileile, umempata mhusika. Dawa yake ni programu kutunza miunganisho iliyo wazi na kuitumia tena, badala ya kufungua mpya kwa kila ombi. Kuongeza idadi ya poti kunakupa nafuu ya muda tu. Na jihadhari na maelekezo ya zamani yanayokuambia uwashe tcp_tw_recycle. Kipengele hicho kilikuwa kikiwakatalia wateja wanaotumia anwani moja kwa pamoja, na wateja wetu wengi wa simu hutoka nje hivyohivyo kupitia kampuni zao. Kiliondolewa kwenye Linux 4.12 mwaka 2017.

Kama maombi hayakatiki bali yanachelewa, tazama muda wenyewe. Ucheleweshaji unaojirudia wa sekunde 1, 3 au 7 una maana: ombi la kufungua muunganisho limetupwa njiani au mlangoni, na mtumaji amelirudia. Nenda kwenye seva inayopokea, uandike ss -ltn. Kwa poti zinazosikiliza, Recv-Q ni idadi ya miunganisho inayosubiri kupokelewa na programu, na Send-Q ni kikomo cha foleni hiyo. Namba mbili zikilingana, foleni imejaa. Kabla ya Linux 5.4 kikomo cha mfumo kilikuwa 128 tu. Sasa ni 4096, ila programu yenyewe inaweza kuwa imeomba pungufu.

Makosa machache ya muunganisho kukatwa ghafla, hata mzigo ukiwa wa wastani, hutokana na muda wa kusubiri usiolingana. Nginx kwa kawaida hufunga muunganisho uliokaa kimya sekunde 75. Mtumaji akituma ujumbe wakati uleule muunganisho unapofungwa, anakataliwa. Mpange mtumaji aufunge mapema zaidi, tuseme sekunde 60.

Kuhusu kurudia maombi yaliyoshindikana, tunasisitiza kwa uzito wote. Programu inayorudia papo hapo huongeza mzigo kwa seva iliyokwisha kuzidiwa. Irudie mara chache, kila mara ikisubiri zaidi, na muda wa kusubiri utofautiane kidogo ili maombi yote yasigonge pamoja. Kwa malipo, kukatika kwa muunganisho si ushahidi kwamba fedha hazikukatwa. Toa namba ya kumbukumbu ya muamala kabla ya kutuma, ihifadhi, na uitumie hiyohiyo unaporudia, na mfumo unaopokea uikatae mara ya pili. Mzazi aliyekatwa ada mara mbili anaweza kusubiri siku nyingi kurudishiwa fedha alizohitaji jioni hiyo.