Hita ya Injini: Inavyowasha Trekta Kwenye Baridi Kali, na Kama Wewe wa Nyanda za Juu Unaihitaji

 

Kipindi hiki cha kipupwe kuna swali linajirudia, hasa kutoka kwa wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Makete na Njombe, na wenzetu wa Kinangop kule Kenya: "Afisa, trekta yangu asubuhi inagoma. Nimeona kuna hita wanafunga kwenye injini kule Kanada. Ninunue?" Mwingine kanunua trekta iliyotumika kutoka nje, kakuta waya wenye plagi unaning'inia chini ya boneti, anauliza ni wa nini.

Jibu fupi ni hili: hita hiyo ni kifaa kizuri sana, lakini ilitengenezwa kwa baridi ambayo sisi hatuna. Kabla hujatoa hela, elewa inafanya nini, kisha utajua tatizo la trekta yako liko wapi.

Baridi inaifanyia nini injini ya dizeli?

Mambo manne yanatokea kwa pamoja.

Kwanza, oili inakuwa nzito. Chukua asali, iweke mahali pa baridi, halafu ijaribu kuimwaga. Oili nayo iko hivyo. Stata inalazimika kuzungusha krenki ndani ya kitu kizito, na oili yenyewe inachelewa kufika juu kwenye valvu. Injini inasagika katika dakika hizo za mwanzo kuliko wakati wa kulima.

Pili, betri inachoka. Ndani ya betri kuna kemikali, na baridi inapunguza kasi yake. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri nzima kabisa inatoa karibu nusu tu ya nguvu yake. Yaani siku ambayo stata inahitaji nguvu nyingi zaidi, ndiyo siku ambayo betri inatoa kidogo.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwa dizeli: injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inawaka kwa sababu pistoni inabana hewa mpaka inapata moto wa kutosha kuwasha dizeli inayopulizwa na nozeli. Kama bloku na silinda ni vya baridi mno, joto la ile hewa linanyonywa na chuma. Dizeli inapulizwa lakini haishiki moto, na wewe unaona moshi mweupe tu unatoka kwenye ekzosi. Ule moshi ni dizeli ambayo haijaungua.

Nne, dizeli yenyewe ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta inaganda, inaziba filta, na mafuta hayafiki kwenye pampu. Ndiyo maana nchi za baridi zinauza dizeli ya msimu wa baridi, tofauti na ya kiangazi.

Hita ya bloku ni nini hasa?

Ukiielewa hita ya kuchemshia maji ya kuoga, umeshaielewa hii. Ni waya wa joto unaotumia umeme wa nyumbani, umefungwa ndani ya bloku ya injini, mahali maji ya kupoozea yanapopita. Aina inayotumika sana inaingia kwenye tundu la kile kifuniko cha duara kilichopo ubavuni mwa bloku. Plagi yake inatokeza mbele ya gari. Jioni dereva anaichomeka kwenye soketi kama anavyochaji simu.

Maji yakipata joto yanapanda, ya baridi yanashuka, na mzunguko huo unapasha bloku nzima polepole. Asubuhi silinda ziko vuguvugu, oili imelainika kiasi, na ile hewa inayobanwa hainyang'anywi joto lake.

Kifaa hiki kilitoka kwa watu wa baridi wenyewe. Andrew Freeman wa Grand Forks, jimbo la North Dakota nchini Marekani, alipewa hataza ya hita yake mwaka 1949. Yake ilikuwa inaingia badala ya boliti moja ya silinda hedi. Leo kwenye mikoa ya nafaka ya Kanada, kama Saskatchewan na Manitoba, ambako nyuzi 30 chini ya sifuri ni jambo la kawaida majira ya baridi, karibu kila gari na trekta ina plagi hiyo. Winnipeg na Edmonton utakuta maegesho ya magari yana soketi za umeme zimepangwa kwenye nguzo.

Elewa pia kitu ambacho hita hii haifanyi. Haipashi betri, na haipashi tenki la dizeli. Ndiyo maana wakulima wa kule wanaongeza blanketi la umeme la betri, wengine wanaweka hita nyingine chini ya sampo ya oili, na wote wananunua dizeli ya msimu. Ukiwa na hita peke yake huku filta imejaa nta, injini vuguvugu haitakusaidia.

Wanaiwasha muda gani? Hapa ndipo biashara ilipo

Watu wengi wanadhani hita lazima iwake usiku kucha. Hapana. Injini ikipata joto, nayo inaanza kulipoteza kwenye hewa ya nje. Baada ya saa chache joto linaloingia linalingana na linalopotea, na kuanzia hapo umeme wako unapasha uwanja. Kwa gari dogo, saa mbili hadi nne kabla ya kuwasha zinatosha. Trekta kubwa lenye chuma kingi linahitaji zaidi kidogo.

Tupige hesabu, maana sisi ni wakulima wa biashara. Hita ya wati 750 ikiwaka saa 10 inakula uniti 7.5. Ikiwaka saa 3 inakula uniti 2.25. Tofauti ni uniti 5.25 kwa usiku mmoja. Zidisha kwa siku 100 za baridi, ni uniti 525 zimepotea kwa gari moja tu. Mwenye magari matano, jaza mwenyewe. Kwa hiyo mkulima mwenye akili wa kule ananunua taima ya bei ndogo, anaiweka iwashe hita saa nane usiku, saa kumi na moja alfajiri anapiga stata. Somo hilo la taima lichukue hata kwa pampu yako ya maji.

Je, wewe wa Makete au Kinangop unaihitaji?

Kitulo iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti kuna asubuhi unaamka unakuta jalidi, ile barafu nyeupe, juu ya majani. Ni baridi kweli, lakini iko karibu na sifuri. Haijafika nyuzi 30 chini yake.

Injini ya dizeli iliyo nzima inatakiwa kuwaka kwenye sifuri bila hita ya bloku. Ikigoma, baridi imekuonyesha tu ugonjwa uliokuwepo. Mchana joto linauficha, alfajiri unajitokeza. Kwa kuongezea, mwinuko nao unachangia: kwenye mita 2,600 mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu robo ukilinganisha na pwani, kwa hiyo pistoni inabana hewa pungufu. Injini iliyochakaa inayowaka vizuri Dar es Salaam inaweza kukusumbua Makete.

Kwa hiyo kabla ya kununua hita, kagua kwa mpangilio huu, kuanzia cha bei ndogo:

1. Vichwa vya betri na waya wa ardhi. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua, safisha kwa maji ya moto na magadi, kausha, kaza. Kazi ya dakika 20, na mara nyingi tatizo linaishia hapo.

2. Betri yenyewe. Ipime ikiwa imelala usiku kucha. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko karibu nusu, chini ya 12 ni tupu. Halafu mwenzako apige stata huku wewe unaangalia mita: ikishuka chini ya volti 9.6 kwa betri iliyojaa, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi.

3. Oili. Wengi bado wanatumia oili ya namba moja, SAE 40, kwa sababu ni rahisi kupatikana. Kwenye baridi hiyo ni nzito mno. Namba iliyo kabla ya herufi W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi, na ikiwa ndogo oili inakuwa nyepesi zaidi alfajiri. 15W inapimwa uwezo wake wa kuzungushwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwa nyanda zetu za juu 15W-40 inatosha kabisa. Fuata kitabu cha trekta lako kwanza.

4. Plagi za kupasha silinda. Injini nyingi za pikapu na trekta ndogo zinazo. Ukifungua switchi, subiri taa ya koili kwenye dashibodi izime ndipo upige stata. Ikiwa plagi moja au mbili zimekufa, injini itawaka kwa kutetemeka na moshi mweupe. Fundi wa umeme wa magari anazipima kwa muda mfupi. Baadhi ya trekta kubwa hazina plagi hizi, zina hita ya hewa kwenye njia ya kuingizia hewa. Nayo ikaguliwe.

5. Filta ya dizeli na hewa kwenye bomba. Bomba likiwa na ufa, hewa inaingia usiku na dizeli inarudi kwenye tenki. Ukilazimika kupampu kwa mkono kila asubuhi, tafuta ufa huo.

6. Mbano wa injini. Kama yote hayo ni mazima na bado inagoma, ringi au valvu zimechoka. Hapo hita itakuvusha miezi michache, lakini dawa ni kuifungua injini.

Halafu rejeta. Ukiishi penye jalidi, acha kujaza maji ya bomba matupu. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9 na yana nguvu ya kupasua chuma. Mchanganyiko wa nusu maji safi nusu kulanti hauwezi kuganda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na pia unazuia kutu.

Wale wenye plagi inayoning'inia

Huu mstari usiuruke. Trekta au pikapu iliyotoka Marekani au Kanada, hita yake ni ya volti 120. Umeme wetu ni volti 230 kwenda juu. Ukichomeka hita ya wati 750 ya kule kwenye soketi yako, italazimishwa kuvuta zaidi ya wati 2,700, mara tatu na zaidi ya uwezo wake. Itaungua, na inaweza kuchoma waya, boneti na banda zima. Zilizotoka Ulaya nyingi ni za volti 230, lakini soma kibandiko kwenye waya au kwenye hita. Usipoona maandishi, usiichomeke. Ifunge waya wake vizuri usiguse feni, endelea na kazi.

Hata hita sahihi ina masharti yake. Usiichomeke injini ikiwa haina maji, itaungua kwa dakika chache. Tumia waya wa ekstensheni mnene wa nje, wenye waya wa ardhi. Waya mwembamba wa redio unayeyuka. Na kumbuka kuchomoa kabla ya kuondoka.

Vitu vya kuacha kabisa

Kuwasha moto wa kuni au jiko la mkaa chini ya injini. Kuna oili, dizeli na mabomba ya mpira hapo chini, na moshi wa mkaa ndani ya banda lililofungwa unaua mtu kimya kimya. Kupuliza dawa ya etha kwenye injini yenye plagi za kupasha: inalipuka kabla ya wakati na inavunja pistoni. Kumimina maji yanayochemka juu ya bloku ya baridi: chuma kinapasuka. Na kupiga stata mfululizo. Piga sekunde zisizozidi 15, pumzisha dakika mbili, rudia. Kanyaga klachi mpaka chini wakati wa kupiga, ili stata isizungushe na gia. Ikishawaka, iache dakika tatu hadi tano bila kuikanyagia mafuta.

Kwa anayekwenda kufanya kazi mashamba ya baridi

Jifunze kuchomeka hita bila kukumbushwa. Weka tenki limejaa, maana nafasi tupu inatengeneza unyevu unaoganda kwenye mabomba. Betri isiachwe ikiisha chaji: maji ya betri tupu yanaganda mapema sana na kupasua kasha, ya betri iliyojaa yanavumilia baridi kubwa. Usijaribu kamwe kubusti betri iliyoganda.

Kazi ya wiki hii: chukua mita ya volti, nenda kwenye trekta lako alfajiri kabla hujaliwasha, pima betri na uandike namba kwenye daftari la shamba. Fanya hivyo siku tano mfululizo. Namba ikishuka kila siku, umepata mgonjwa wako, na hela ya hita inunulie mbegu ya viazi.

Mwenye swali aandike aina ya trekta, rangi ya moshi na namba za betri, nitamjibu. Kazi njema.