Kubadilisha madabodi bila kutupa ramu

Kabla hujaagiza madabodi kutoka Unguja au Dar es Salaam, fungua kompyuta yako usome kibandiko cha ramu. DDR3 ina pini 240 na hutumia volti 1.5 (yenye herufi L, 1.35), DDR4 ina pini 288 na volti 1.2. Kikato cha chini cha aina hizi mbili hakiko mahali pamoja, kwa hiyo ramu ikigoma kuingia usiilazimishe. Angalia na soketi ya prosesa. Ukikosea hapo, mzigo uliovushwa bahari hadi bandari ya Mkoani utakaa bure.

Hapa Pemba unyevu na hewa ya chumvi huacha utando kwenye pini, na ramu nyingi zinazodhaniwa zimekufa ni chafu tu. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli, kisha chomoa ramu na usugue pini zake taratibu kwa ufutio laini wa penseli na upanguse vumbi lake. Irudishe, ibonyeze mpaka vibanio vya pembeni vijifunge.

Mafaili yanakiliwe kwanza, kabla ya kubadilisha madabodi. Windows nayo, ikiona madabodi mpya, huenda ikadai kuidhinishwa upya.